Kuuzunguka Mlima kwa Viwanja Vyake

Wageni wengi huuendea Mlima Kenya kwa lango la Naro Moru au la Sirimon, mzigo mgongoni na akili yote kwenye vilele vyake, kile cha juu kabisa kikiwa Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Mimi napenda kuuzunguka kwa chini, mji baada ya mji, na kila nishukapo kwenye matatu swali langu la kwanza huwa moja: uwanja uko wapi? Swali hilo huwafungua watu midomo. Kijana wa bodaboda atakuelekeza kwa kidevu, kisha akueleze bila kuombwa timu gani ilinyimwa penalti ya haki pale. Mama muuza ndizi atakumbuka siku rais alipokuja na jinsi alivyomaliza mkungu mzima kabla ya saa nne. Mzee atakurudisha nyuma kuliko wote.

Mzunguko huu una sababu yake. Kwa miaka mingi sherehe za kitaifa za Kenya zilikuwa za Nairobi, Nyayo au Kasarani, na watu wa kwingine walizisikiliza redioni. Kuanzia 2016 zikaanza kuzungushwa kwenye kaunti, na miji ya mlima ikapata zamu nne katika miaka michache: Nyeri Juni 2017, Meru Juni 2018, Kirinyaga Oktoba 2021, Embu Juni 2023. Kila mji ulioambiwa safari hii ni kwenu ulipaswa kujibu upesi watu wataketi wapi. Majibu yao bado yapo, mengine ya saruji na mengine ya nyasi tupu, na kwangu hakuna njia nzuri zaidi ya kuwajua watu wa mlima kuliko kuyatembelea.

Ukitoka Nairobi, pita Thika, fika Makutano, kata kulia kuelekea Embu. Mara nchi inalala tambarare, na pande zote mbili za barabara ni maji na mpunga. Hii ndiyo Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, na mji wake ni Wang'uru. Skimu hii ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni. Jasho lao ndilo chimbuko la mchele wa pishori unaouzwa leo kando ya lami kwa magunia na kwa debe, huku akina mama wakiugeuza mpunga kwa miguu juu ya maturubai ili ukauke sawasawa.

Udongo wa Mwea ni ule mweusi, udongo wa pamba. Mpunga unaupenda kwa kuwa hauachii maji. Mjenzi anauogopa kwa sababu hiyohiyo. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unazama hadi kifundo. Jukwaa likijengwa juu yake bila maandalizi, msingi unanyanyuliwa masika na kushushwa kiangazi mpaka kuta zinaachana. Dawa yake ni kuuchimba, kuutoa, na kujaza mahali pake mawe na kifusi kilichoshindiliwa. Na uwanja wa kuchezea, ule wa mita 105 kwa 68, una shida yake nyingine: lazima unywe maji haraka. Chini ya nyasi unalazwa mchanga, chini ya mchanga kokoto, chini ya kokoto mabomba yenye matundu, na uso wote huinamishwa kidogo tu, kiasi ambacho mchezaji hakihisi. Mtazamaji huona kijani, gharama imezikwa. Ndiyo maana nautazama Uwanja wa Wang'uru kwa heshima. Kujenga hapo ni kushindana na ardhi ambayo kazi yake tangu zamani ni kushika maji.

Hapo ndipo Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta, akiwa na mgeni wake Rais Lazarus Chakwera wa Malawi, alipotangaza kuondoa kafyu ya korona iliyowafungia Wakenya ndani usiku tangu Machi 2020. Sidhani kama kuna tangazo lililopokelewa kwa shangwe zaidi katika uwanja wowote wa mlimani. Kwa wanamuziki wa huku, wale wa gitaa moja na mugithi hadi alfajiri, lilikuwa riziki iliyorudi. Baa na kumbi zao zilikuwa zimezima muziki wa usiku kucha kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na ruhusa ya kuuwasha tena ikatokea katikati ya mashamba ya mpunga.

Kutoka Wang'uru barabara inapanda, hewa inapoa, na udongo unageuka mwekundu. Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na bado una utulivu wa mji uliozoea ofisi. Uwanja wake wa Moi ndio uliopokea Siku ya Madaraka ya 2023, ya kwanza kwa William Ruto akiwa rais. Ninachoupendea ni kwamba ni uwanja wa mjini. Mtu anatoka sokoni na kikapu chake, anasimama robo saa kutazama mazoezi, anaenda zake. Wapangaji wa miji hupenda kuvipeleka viwanja nje, kwenye ardhi ya bei nafuu na maegesho mapana, kisha hushangaa vikiwa vitupu siku zisizo na gwaride. Watu wa miji hii hutembea kwa miguu. Uwanja unaofikiwa kwa miguu hauhitaji kutangazwa.

Chuka napita upesi, ingawa Uwanja wa Kirubia una wapenzi wake wa dhati. Baada ya hapo barabara inakuwa ya mabonde, na kwenye Daraja la Nithi, ambako maisha ya wengi yamekatika kwa ajali, abiria hunyamaza mpaka gari lipande upande wa pili. Sehemu hii ya safari inaeleza jambo ambalo ramani haionyeshi: huku kwenye mteremko wa mlima tambarare ni adimu. Nchi ni migongo na mabonde, mgongo una chai au kahawa, bonde lina mto. Njia ya kukimbilia ya mita 400 yenye mistari minane inataka karibu mita 177 kwa 93 kabla hujaweka kiti hata kimoja. Kuipata juu ya mgongo wa kilima unachimba upande wa juu na kujaza upande wa chini. Upande uliochimbwa ni mgumu na unatulia. Upande uliojazwa huendelea kushuka kwa miaka. Fundi mwenye busara huweka jukwaa zito upande wa juu, akaukata ukingo wenyewe kuwa ngazi za kukalia, na upande wa chini akauachia nyasi. Kilima kinakuwa kimemjengea nusu ya kazi.

Meru una Kinoru. Huu ndio uwanja wa mlimani uliokaribia zaidi kuingia katika historia ya bara. Kenya ilikuwa imepewa kuandaa CHAN ya 2018, mashindano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao, na Kinoru ukawekwa orodha moja na Kasarani, Nyayo na Kipchoge Keino wa Eldoret. Kazi ikaanza. Septemba 2017 Shirikisho la Soka la Afrika likaona maandalizi yamechelewa, likaiondolea Kenya mashindano, na Morocco ikayaandaa na kuyashinda. Meru haikukaa kulia. Juni mosi mwaka uliofuata Kinoru ukapokea Madaraka, na tangu hapo ukaendelea kuchezewa. Agosti 2025 CHAN ilipofika Afrika Mashariki hatimaye, Kenya, Tanzania na Uganda zikishirikiana, mechi za Kenya zilikuwa Nairobi, na fainali ya Kasarani ikatwaliwa tena na Morocco, 3–2 dhidi ya Madagascar. Watu wa Meru waliitazama kwenye runinga. Nadhani walistahili angalau mechi moja, na nalisema hili kwa uchungu wa kweli, maana hakuna mahali mlimani panapoimba uwanjani kwa sauti kama Meru.

Kutoka Meru unapanda hadi Timau penye ngano, unashuka Nanyuki inapopita ikweta, mji wa askari na wa kituo cha mwisho cha reli. Nanyuki husifiwa vya kutosha na wengine. Mimi huharakisha kuelekea Naro Moru, Chaka, na hasa Kiganjo.

Kiganjo kuna chuo cha polisi, na kati ya walimu wake wa mazoezi ya viungo alikuwapo kijana wa Nandi aitwaye Kipchoge Keino. Alikuwa mkufunzi huko wakati alipoanza kuitetemesha dunia: mwaka 1965 rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000, kisha dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968, na ya kuruka viunzi na maji Munich 1972. Leo uwanja wa Eldoret unaitwa kwa jina lake. Lakini mazoezi yake aliyafanya kwenye nyasi za chuo, kwenye baridi ya asubuhi ya Nyeri.

Na Nyeri ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo.

Mji huu umekaa karibu mita 1,750 juu ya bahari, Mlima Kenya upande wa mashariki, safu ya Nyandarua upande wa magharibi, na mawingu yanauingilia kutoka kote kuwili. Julai kuna manyunyu ambayo si mvua wala si ukungu; yanakaa juu ya sweta lako siku nzima. Chai hapa inanywewa ya moto kweli, na mukimo wenye kahurura, yaani majani ya maboga, hutolewa sahani imejaa. Watu wake wana sifa ya ukali wa maneno. Mimi nimekuta ukarimu wa haraka, usio na maneno mengi.

Nyeri ilipopewa Madaraka ya 2017 haikuwa na uwanja wa kujivunia. Sherehe zikafanyika Kabiru-ini, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mahema yakasimikwa, jukwaa la wageni likaundwa, na taifa likapokewa juu ya nyasi ambako kila Septemba ng'ombe wa maziwa huzungushwa mbele ya waamuzi. Miaka miwili kabla yake, tarehe 23 Mei 2015, Nyeri ilikuwa imefanya kubwa zaidi. Sista Irene Stefani, mmisionari wa Consolata ambaye Waafrika alioishi nao walimwita Nyaatha, mama wa huruma, alitangazwa mwenyeheri katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika Kenya. Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam ndiye aliyeiongoza kwa niaba ya Papa, na ilifaa iwe hivyo, kwa sababu Irene aliwauguza wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza huko Kilwa na Lindi kabla ya kurudi kufundisha Gikondi, alikofariki mwaka 1930. Umati uliofurika siku ile usingetosha katika uwanja wowote wa Kenya. Uliketi juu ya majani.

Haya ndiyo ninayotaka wajenzi wayazingatie kabla hawajafungua michoro yao. Nyeri imewahi kukusanya watu wengi kuliko mji mwingine wowote mlimani, na imewakusanya bila jukwaa. Watu huja kwanza. Saruji ikija, ije kuwatumikia waliokwisha kuja.

Nenda sasa Ruring'u. Huu ni uwanja ulio pembeni mwa mji, na mzee niliyemtaja mwanzo, yule anayekurudisha nyuma kuliko wote, kwa kawaida anaongea kuhusu hapa. Desemba 1963, siku chache baada ya bendera kupandishwa, wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau walitoka msituni wakaja Ruring'u kusalimisha silaha. Walikuja na nywele zao ndefu za msongo, makoti ya ngozi na bunduki za kujitengenezea. Miaka saba kabla yake, katika Oktoba 1956, kiongozi wao Dedan Kimathi alikuwa amekamatwa si mbali na hapa, akahukumiwa mjini Nyeri, na kunyongwa Februari 1957. Waliokuja walisimama juu ya nyasi hizi, na kwao vita vikaisha. Sijui uwanja mwingine Afrika Mashariki uliobeba siku nzito kuliko hiyo.

Kwa miaka mingi sasa kazi ya kuukarabati Ruring'u imekuwa ikienda na kusimama. Mkandarasi anaingia, mabati ya uzio yanawekwa, mashine zinalia, kisha kimya. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti vifaa vya michezo na utamaduni, na serikali kuu inabaki na kuendeleza michezo kwa jumla. Kwenye karatasi mpaka huo uko wazi. Ardhini, uwanja mkubwa unatafuta fedha kwa serikali kuu na utunzaji kwa kaunti, na katikati ya hao wawili nyasi zinaota juu ya mchanga uliomwagwa. Kinachoniuma zaidi ya ucheleweshaji ni uzio wenyewe. Uwanja uliofungwa kwa ajili ya ukarabati ni uwanja ulionyang'anywa vijana wa sekondari, timu za mitaa, makanisa na wakimbiaji wa alfajiri, na mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka kumi na minne haurudi.

Maana Nyeri ni nchi ya wakimbiaji, hata kama sifa zimezoea kwenda Bonde la Ufa. Catherine Ndereba ni mzaliwa wa Gatunganga katika kaunti hii. Alishinda marathoni ya Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia Paris 2003 na Osaka 2007, akaleta medali za fedha za Olimpiki kutoka Athens na Beijing, na mwaka 2001 kule Chicago akaweka rekodi ya dunia ya 2:18:47. Mwaka huohuo Charles Kamathi, naye wa Nyeri, alimshinda Haile Gebrselassie katika mita 10,000 za mashindano ya dunia huko Edmonton, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani. Panda kidogo hadi Nyahururu, kwenye maporomoko ya Thomson, utakuta mji wa Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Nyeri haikuwa na tartani ya kuwalea Ndereba na Kamathi. Walikuwa na barabara za udongo mwekundu na mapafu ya mlimani. Fikiria wangepewa na njia laini ya kukimbilia, iliyo wazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Burudani nayo inadai nafasi yake. Watu wa eneo hili ni wapenzi wakubwa wa jukwaa, na historia yao ya majumba ya maonyesho ni ya kusikitisha. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijijengea kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000 ili kuigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda. Serikali ikaupiga marufuku mchezo, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Miaka ya baadaye Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri aliyeandika safu ya Whispers, alipotaka kuigiza kwa Kikuyu aliipeleka michezo yake kwenye baa, kwa sababu huko ndiko watu walikokuwa na ndiko viti vilikokuwa. Hadi leo mwanamuziki anayejaza mji mzima huimbia pembeni ya jiko la nyama choma. Ruring'u ukikamilika bila ukumbi wa ndani, wenye paa linalozuia manyunyu ya Julai na umeme wa kutosha vipaza sauti, utakuwa umekamilika nusu.

Na jambo la mwisho kwa wachora ramani. Kanuni ya kawaida ni kuuelekeza uwanja kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisimpofushe golikipa, na kuliweka jukwaa kuu magharibi, jua likiwa mgongoni mwa watazamaji. Nyeri imebahatika: anayeketi magharibi anatazama mashariki, na mashariki ndiko uliko mlima. Wazee wa Agikuyu walisali wakiuelekea. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapa Januari 1941, alizikwa mahali unapoonekana. Kwa hiyo jukwaa la mashariki lisiwepo. Pawe na tuta la nyasi tu, watu wakae na blanketi na watoto wao, na mashindano ya riadha yaanze saa moja asubuhi, maana ikifika saa nne au tano mlima huwa umeshajifunika mawingu.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, njoo Septemba, wiki ya maonyesho ya Kabiru-ini. Beba sweta na koti la mvua vyote viwili. Asubuhi pitia Ruring'u uzungumze na wanaokimbia nje ya uzio, mchana nenda kwenye maonyesho ukale mahindi ya kuchoma katikati ya wakulima. Magari ya kurudi Nairobi hujaa mapema jioni za wiki hiyo, basi kata tiketi kabla hujaondoka mjini.